Nimepata Jiko

Mtu anayebeba ubao mrefu begani katikati ya soko hapaswi kugeuka ghafla. Siméon aligeuka. Mtu alimwita kutoka upande wa wauza chumvi, naye akazunguka na ubao wake mzima. Ncha ya nyuma ikapita juu ya vichwa vya watu, ikamwinamisha mmoja, ikamkosa mwingine, kisha ikagonga beseni la ndagala lililokuwa kichwani pa msichana mmoja. Samaki wakamwagika kama mvua ya fedha. Soko la Kalemie likacheka.

Msichana hakucheka. Alivaa kitenge cha rangi ya papai bivu na blauzi yenye mabega yaliyovimba, na ndagala mmoja alikuwa amening'inia kwenye bega la kushoto kama pambo. Alimtazama Siméon toka viatuni hadi kichwani.

"Papa, huo ubao wako uko na macho?"

"Hauna," Siméon akajibu. "Miye njo niko nayo, na leo yanaona vizuri sana."

"Basi yaone samaki. Okota."

Wote waliomfahamu Siméon walijua kuwa huyu hakuwa mtu wa kupiga magoti. Alikuwa fundi wa mashua, mtoto wa fundi wa mashua, watu wa pwani ya kaskazini, upande wa Fizi. Hata kanisani alisali amesimama. Maofisa wa Zaire walipomwita "sitwayeni", yaani raia, kwa dharau aliwajibu kwa sauti kubwa kuliko yao. Lakini siku ile alipiga magoti kwenye tope la soko, na suruali yake ya Jumapili, akaokota ndagala mmoja mmoja, huku msichana amesimama juu yake, mkono kiunoni, akimwonyesha kwa kidole: pale, na pale, na yule chini ya mguu wako, Bwana Mashua.

Jina likabaki. Alimwita Bwana Mashua siku ile, na wiki iliyofuata walipokutana darajani Lukuga, na miezi iliyofuata walipoacha kusingizia kwamba wanakutana kwa bahati. Yeye aliitwa Bibiane. Alikaa na mama yake, Mama Célestine, watu wa milima ya Moba, katika nyumba ndogo ya udongo ng'ambo ya mto. Siméon alimwita moyo wangu, akamwita sheri, akamwita taa ya bandari, na Bibiane akamwuliza kama maneno hayo anayapigilia misumari au anayabandika kwa lami tu. Alikuwa na ulimi, yule mtoto wa watu. Siméon alikuwa akilala akicheka peke yake.

Siku aliyomwomba waoane, walikuwa wamekaa kwenye mawe ya ufukwe. Bibiane alicheka, akaficha uso kwa ncha ya kitenge, kisha akauliza jambo ambalo kwa ajabu hakuwahi kuliuliza: wataishi wapi?

"Kule juu. Kwa nyumba ya magogo."

Kicheko kikakatika. Bibiane akashusha kitenge usoni. Aliuliza kama ni ile ya Muzungu wa mashua, na Siméon akasema njo ile, ndiyo hiyohiyo, hakuna nyingine.

Nyumba ile ilijulikana na mji mzima. Mzungu mmoja wa nchi za baridi, aliyekuwa akitengeneza mashua bandarini, alikataa matofali. Alileta magogo kutoka milimani, akayalaza moja juu ya jingine na kuyafunga pembeni kama vidole vya mikono miwili, akajenga nyumba kama za kwao. Miaka ile wazungu walipoondoka, aliiacha mikononi mwa Papa Gaspard, fundi wake mkuu, baba yake Siméon. Papa Gaspard alikufa humo. Siméon aliipenda nyumba ile kama mtu anavyopenda ndugu mgumu.

Jiko lake halikuwa ndani. Lilikuwa nyuma, uani, kibanda cheusi cha moshi chenye mlango mfupi, kama vilivyokuwa vibanda vyote vya wapishi wa wazungu.

"Mama yangu alipikaka mule," Bibiane alisema. "Ulijua?"

Siméon hakujua. Alijua kwamba Mama Célestine ana jicho moja. Hakujua kwamba la pili liliishia katika kile kibanda, kidogo kidogo, kwa moshi, na mwisho kwa cheche iliyoruka siku ya mvua. Mpishi alipita mlango wa nyuma akipeleka chakula, akarudi kwa mlango wa nyuma. Mama Célestine aliipikia nyumba ile miaka mingi, na mlango wa mbele hakuupita hata mara moja.

"Nitakuwa bibi yako, Siméon," Bibiane alisema, na sauti yake haikuwa ya mchezo tena. "Lakini kule nyuma sitapika. Leta jiko ndani. Mama apite mulango wa mbele, akae, aone moto unawaka ndani ya nyumba, na moshi usimuguse."

"Moto ndani ya nyumba ya magogo?"

"Weye si fundi?"

Angemwuliza kwa maneno mengine, pengine Siméon angeomba muda wa kufikiri. Lakini aliulizwa kama yeye si fundi. Akasema ndiyo palepale.

Hapo mateso yakaanza. Ukuta wa magogo hauna mahali palipo sawa. Kila gogo lina tumbo lake. Rafu aliyoipigilia ilikaa imeinama kama mlevi. Akaichonga mgongoni ifuate matumbo ya magogo, ikakaa vizuri, akaondoka akipiga mluzi. Kiangazi kikaja, magogo yakakauka na kushuka, kila moja likimlalia mwenzake, na rafu ikapasuka katikati kwa mlio kama wa bunduki. Alipokata dirisha jipya ili jiko lipate mwanga, magogo ya juu yalilegea, ikabidi ayakamate kwa vyuma vya mashua. Mlango wa mbele ukaanza kusugua sakafu. Ukirekebisha hapa, nyumba inasogea pale. Siméon aliitukana kwa Kibembe, na nyumba ikamjibu kwa kulia usiku kucha.

Halafu palikuwa na nyufa kati ya magogo, na upepo wa ziwa uliopita ndani yake na kuzima kibiriti. Kwa nyufa Siméon hakuhitaji kuuliza mtu. Nyufa ndiyo kazi aliyozaliwa nayo. Alifanya kama baba yake alivyomfundisha, kama mafundi wote wa pwani ya kaskazini wanavyofanya tangu zamani: alisokota pamba, akaisukuma ndani ya kila ufa kwa patasi butu, akaifunika kwa lami ya moto. Alipomaliza, hata mbu hakupata njia. Jiko jipya lilinukia kama mashua siku ya kushushwa majini, naye akasimama katikati yake, mikono imejaa weusi, akijiona mfalme. Kisha akajenga meko ya matofali na bomba lake, akaviegemeza kwenye ukuta uleule.

Hakuna fundi wa mashua aliyewahi kuwasha moto kwenye mbavu za mashua yake. Jambo hilo halikumjia kichwani.

Wakati huo mjomba wa Bibiane alikuwa amefika kutoka Kabalo. Papa Félicien alikuwa mtu wa abakosti nyeusi, ile suti isiyo na tai, na viatu vinavyolia, na kwa watu wa Moba neno la mjomba juu ya mtoto wa dada yake lina uzito kuliko la baba. Alikuja na habari za Norbert, kijana wa reli, mwenye nyumba ya matofali na jiko la simenti. Alisema kwa upole kwamba hakuja kulazimisha mtu. Alitaka tu kuona hiyo nyumba ya miti ambamo mtoto wao anataka kuingizwa. Bibiane akamwambia aje, ataona.

Wakaja Jumapili baada ya misa. Mama Célestine alivaa kitenge cha waksi ambacho Bibiane hakuwahi kukiona kikitoka sandukuni, bluu nzito yenye ndege, na kilemba cha kitambaa hichohicho. Siméon aliusukuma mlango wa mbele kwa bega, ukakwaruza, ukafunguka. Mama akasimama kizingitini muda mrefu. Kisha akavua viatu, ingawa hakuna aliyemwomba, akaingia.

Walimpa kiti karibu na meko. Siméon akawasha. Moto ukashika vizuri, sufuria ikaanza kuimba, Bibiane akamkonyeza Siméon nyuma ya mgongo wa mjomba, na kwa muda mfupi kila kitu duniani kilikuwa mahali pake.

Lami ikaanza kulia machozi. Tone jeusi lilitoka katika ufa juu ya meko, likashuka, likagusa tofali la moto. Ulimi wa moto ukapanda ndani ya ufa, ukakimbia kati ya magogo mawili kama panya, ukashika ufa wa pili, na moshi mzito wa lami ukashuka chumbani. Siméon alipiga kelele watoke. Mlango wa mbele ulikuwa umekwama. Alipouvuta kitasa kilibaki mkononi. Wakatoka nyuma. Mama Célestine alitangulia, akipapasa ukuta, kilemba kimeanguka, akapita mlango wa nyuma na kuangukia palepale mbele ya kile kibanda cheusi, akikohoa.

Majirani walileta ndoo. Nyumba haikuungua. Maji yalimwagwa mpaka sakafu ikawa dimbwi na milango ikavimba. Siméon alitoka na nyusi zilizoungua, akamkuta Bibiane amempakata mama yake, akimfuta uso.

"Bibiane."

"Jicho moja alikwisha kuiachia hii nyumba," Bibiane alisema bila kumtazama. "Weye ulitaka la pili?"

  Kwa namna Papa Félicien alivyofuta viatu vyake kwa kitambaa, kila mmoja alielewa kwamba gari-moshi la Kabalo litakapoondoka, hataondoka peke yake.

Siku zilizofuata Siméon hakuweza kula. Alikwenda ng'ambo ya mto, akaambiwa Bibiane hayuko, na aliona kitenge chake cha rangi ya papai kimeanikwa bado kinadondosha maji. Akarudi. Alishika shoka, akasimama mbele ya nyumba ya magogo akitaka kuikatakata yote, gogo kwa gogo, auze kuni. Badala yake alishuka bandarini, kwa sababu miguu yake haikujua njia nyingine, akaketi kwenye rundo la kamba na kulitazama ziwa kwa chuki.

Mashua ya mizigo ilikuwa imefungwa mbele yake, mashua ya mbao. Tumboni mwake mpishi alikuwa akikaanga samaki.

Siméon alitazama muda mrefu kabla ya kuona. Mbao pande zote. Pamba na lami katika kila ufa. Na katikati jiko la chuma, miguu minne, limesimama peke yake juu ya bati lenye mchanga, haliegemei kitu. Bomba lake lilipita kwenye paa la mbao ndani ya pete pana ya chuma, bila kuligusa, na mashua ilipoyumba bomba lilicheza ndani ya pete bila kugusa ubao wowote. Moshi ulikwenda juu. Mpishi alikuwa akiimba.

Akaruka ndani ya mashua na viatu vyake. Alimwuliza mpishi maswali mpaka samaki wakaungua. Mpishi akamwambia kwamba jiko kama lile limelala Kigoma ufukweni, la meli kuukuu iliyovunjwa, mwenyewe hana kazi nalo. Mashua inaondoka sasa hivi. Siméon hakuvuka mto kuaga. Alijua mlango wa Bibiane ungefungwa, na kiburi chake hakikuweza kufungiwa mlango mara mbili.

Kule Kigoma mwenye jiko alikubali kulitoa kwa kazi: Siméon amtengenezee mashua yake iliyooza mbavu. Alifanya kazi jua linachomoza mpaka linazama, kati ya mafundi wa Ujiji, na kwa kuwa alipenda maneno mazuri alikuwa akiyaiga maneno yao. Nyumbani Kalemie jiko ni chumba, chombo chenyewe cha kupikia wanakiita mbabula. Kigoma wanasema jiko. Baada ya siku chache na yeye alikuwa akisema jiko, akijisikia mtu aliyesafiri.

Kazi ilipoisha, alikwenda kwa mfanyabiashara mwenye foni, ile redio ya kuitana ng'ambo ya ziwa, akaomba aitiwe Kalemie. Upande wa pili foni ilishikwa na Germain, kijana mwema, jirani yake Bibiane, aliyezaliwa Kalemie lakini akalelewa na bibi yake palepale Ujiji. Na mtu aliyelelewa Ujiji anajua kwamba huko kijana akisema amepata jiko, watu humpa mkono. Maana yake ameoa.

"Kalemie, unanisikia?"

"Mbali. Sema."

"Germain, ni Siméon. Mwambie Bibiane nimepata jiko."

Foni ikachemka kama mafuta.

"Umepata nini?"

"Jiko. Hapa hapa Kigoma."

"Eh. Hongera, ndugu." Germain akasogelea foni. "La watu gani?"

"Lilikuwa la…" foni ikanguruma, "…sasa ni langu."

"Na zuri?"

"Zito. Wanaume wanne wanalihemea. Lakini halijachakaa, na mdomo wake unafunga vizuri."

Germain akacheka bila kutaka. Alisema kwamba mwenye mdomo wa kufunga ni bahati, ila neno hilo ziwa lililimeza, na Siméon alisikia kicheko tu, akafurahi kwamba kuna mtu Kalemie anayemfurahia.

"Mwambie asafishe mule ndani. Siku ileile nikifika, naliweka."

Kicheko kikaisha. "Bibiane njo asafishe?"

"Ndiyo, yeye. Nani mwingine? Mambo haya tuliyapanga pamoja."

"Siméon, una moyo mugumu," Germain alisema. Foni ikakatika.

Angesema mbabula, hadithi ingeishia hapo na watu wangecheza. Alisema jiko. Germain alivuka daraja akiburuta miguu, akamkuta Bibiane anapeta mchele, akampa habari kama alivyoielewa. Siméon alisema "naliweka". Germain, kwa huruma, alitaka iwe wazi, akasema: "Amepata jiko Kigoma. Anakuja naye." Silabi moja: naye, si nalo. Bibiane hakulia. Aliendelea kupeta, mchele ukimwagika pande zote chini, mpaka ungo ukabaki mtupu. Kisha akaingia ndani na kumwambia mjomba wake kwamba yuko tayari.

Meli ya Kigoma ilitia nanga asubuhi. Siméon alishuka amevaa shati jipya, anatafuta kitenge cha rangi ya papai kati ya watu. Aliyemwona ni Germain, aliyekuwa akitazama nyuma ya mgongo wa Siméon, kushoto, kulia, kama anayetafuta mtu wa tatu.

"Na jiko?" Germain akauliza.

"Njo ile."

Wapagazi walikuwa wakiteremsha ubaoni kitu cheusi cha chuma chenye miguu minne, wakitukana. Germain alikitazama. Akaketi chini, palepale kwenye reli, mikono kichwani.

Ilimchukua muda kueleza. Siméon alisikiliza, na uso wake ukawa kama wa mtu anayesomewa hukumu kwa lugha anayoielewa nusu. Alipofahamu, alimshika Germain kola, akamwinua, akamwachia. Hakuna wa kumpiga. Neno lilikuwa lake mwenyewe, alilibeba kutoka Kigoma kwa majivuno.

"Wako wapi?"

"Garini. Wamekwisha kupanda."

Stesheni si mbali na bandari. Walilitupa jiko kwenye mkokoteni wa pusipusi, Siméon mbele, Germain nyuma, na watu wa Kalemie wakaona kijana mwenye shati jipya akikimbia barabarani na jiko la meli, bomba likigonga, akilia waziwazi na kutoona aibu.

Gari-moshi lilikuwa halijaondoka. Kichwa chake kilikuwa kibovu, mafundi wamelala chini yake, na mtu wa stesheni alisema litaondoka kesho, labda. Lakini abiria hawakushuka, wakihofia viti vyao. Bibiane alikaa dirishani, blauzi nyeupe, kilemba kimefungwa kwa nguvu. Alimwona Siméon. Akageuza uso.

"Bibiane, nisikilize."

"Rudi kwa jiko yako."

"Niko nayo hapa."

Bibiane hakutaka kutazama. Alitazama. Macho yake yalitafuta mwanamke pale jukwaani, yakakuta Germain anayehema, yakakuta mkokoteni. Yakabaki kwenye mkokoteni.

"Njo hii?" aliuliza polepole.

"Njo hii. Ya meli. Hii njo nilikwenda kutafuta. Nilisema jiko kama watu wa kule, sheri, sikujua inabeba mambo mengi."

Ndani ya behewa mtu akaanza kucheka, na mwingine akamfuata. Midomo ya Bibiane ilitetemeka upande mmoja, kisha ikakaza tena. Alisema kwamba hata kama ni chuma, moto ni uleule na nyumba ni ileile. Siméon hakumbishia. Alimweleza mashua ya mbao, bati, mchanga, pete ambayo bomba halifikii. Alisema lami yote ataikwangua kwa kucha kama hapana chombo. Alisema hakujua. Fundi Siméon, mbele ya behewa zima, alisema hakujua.

"Umeiwasha mara moja, uone?" Bibiane aliuliza.

"Hapana. Nilitaka mama aiwashe."

Mama Célestine alikuwa jukwaani, amekuja kumsindikiza binti yake, hakuna aliyemtazama. Sasa alisogea. Alilipapasa jiko kwa mikono miwili kama mtu anayepapasa ng'ombe, akafungua mlango wake, akaufunga, akasikiliza unavyofunga. Akaingiza mkono mpaka kwapani, akagusa mahali bomba linapoanzia.

"Moshi inapita hapa?"

"Njo hapo, mama."

"Shuka, Bibiane."

Papa Félicien alitoa kichwa dirishani. Alisema mambo mengi na yote yalikuwa ya haki: kwamba walikwisha kukubaliana, kwamba Norbert anangoja, kwamba nusura dada yake afe katika nyumba ile. Mama Célestine alimwacha amalize.

"Félicien, weye ulipikaka siku gani?"

Mjomba alivitazama viatu vyake. Mwishowe akasema kwamba gari ni kesho. Dada yake akikohoa mara moja tu katika nyumba ile, mtoto anarudi kwenye kiti chake, na hilo halitajadiliwa. Siméon akasema ni sawa. Akaushika tena mkokoteni, wakapanda wote kwenye nyumba ya magogo.

Mlango wa mbele ulikuwa umevimba kwa maji ya ndoo, na magogo yameulalia kutoka juu. Siméon aliusukuma kwa bega, kwa mgongo, kwa miguu. Germain akasema wapite nyuma leo tu, mara moja, nani ataona. Bibiane alisimama mbele ya nyumba, mama yake mkononi, hakusogea.

Siméon akaleta msumeno. Mlango ule aliuchonga baba yake, wa mbao nzito, na maua yamechorwa juu. Aliukata kichwa chote, maua na vyote, vumbi la mbao likimwingia machoni na mdomoni. Ukafunguka. Juu yake palibaki nafasi ya mkono, na mwanga ukaingia.

Kazi iliwachukua siku yote iliyobaki. Bibiane alivua blauzi nyeupe, akafunga kitenge kikuukuu kifuani, akakwangua lami kwa kisu karibu na Siméon, ufa kwa ufa, bila kusema naye. Mahali pa lami wakaweka udongo. Walimwaga mchanga, wakatandika bati, wakalisimamisha jiko katikati, mbali na kila ukuta. Bomba likapita kwenye paa ndani ya pete pana. Gogo lilipolia, kama kawaida yake, hakuna kilichovutwa. Mara moja mikono yao ilikutana kwenye udongo, na Bibiane hakuuondoa wa kwake haraka.

Jua lilipoanza kuegemea milima, Mama Célestine akaletwa kutoka chini ya mti alikokuwa akingoja. Alipita mlango wa mbele. Papa Félicien, aliyekuja kushuhudia, alikataa kuingia. Alibaki uani na viatu vyake, mikono nyuma.

Mama alipiga magoti, akapanga kuni kwa namna yake, akawasha. Palepale akavuta ncha ya kitenge na kujiziba mdomo na pua, akafumba jicho lake, akangoja. Alingoja kama alivyongoja miaka yote.  Kuni zilipasuka. Chuma kilianza kutoa joto. 

Mama akafungua jicho. Akageuza kichwa, akatazama pembe za chumba, juu, chini, nyuma ya jiko, kama mtu aliyepoteza kitu.

"Moshi iko wapi?"

Sauti ya Papa Félicien ilitoka nje, yenye kinyongo, ya mtu anayelazimishwa kuwa shahidi.

"Iko huku. Inakwenda ziwani."

Mama Célestine akashusha kitenge mdomoni. Akavuta pumzi ndefu, mara ya kwanza kwa woga, mara ya pili bila woga. Halafu akalia, na Bibiane akamshika mabega, na machozi yale hayakuwa ya moshi.

Siméon akapiga magoti kwenye mchanga uliobaki, mikono myeusi. Alikuwa ametunga maneno kwa siku hii, mazuri, aliyapanga juu ya maji kati ya Kigoma na nyumbani.

"Mama," akaanza, "jiko nimeleta. Sasa ninaomba jiko…"

"Siméon," Bibiane alimkata. "Hilo neno lilikaribia kutuzika. Sema vizuri."

Akayaacha yote aliyotunga.

"Ninaomba Bibiane," alisema.